Wageni Watano wa Bwana Whitlow

Meli ilikuwa imeshapiga honi, na mwalimu Elijah alikuwa na mguu mmoja juu ya ngazi, Sharif alipotokea mbio kutoka upande wa maduka, kanzu ameikunja mkononi, kofia imemwanguka na hakurudi kuiokota. Wanawake wa kanisa walikuwa wanaimba pale gatini. Walianza kuimba ng'ambo ya ghuba, ndani ya mitumbwi iliyomleta Elijah mjini Homa Bay, na sasa sauti zimekauka, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kunyamaza. Elijah alikuwa amevaa koti zito la sufu, kwa sababu aliambiwa huko Amerika mtu hakai bila koti. Jasho lilimshuka mpaka ndani ya viatu.

"Mwalimu, shuka," Sharif alisema, akihema. "Soma hii kwanza."

Ilikuwa telegramu. Watu wa vijiji vile hawakuwa na sanduku la posta, kwa hiyo barua zao zote zilipitia sanduku la Sharif, mwenye duka la nguo na chumvi. Elijah aliisoma akiwa pale pale kwenye ngazi, abiria wengine wakimpita na kuku wao na magunia yao. Bwana Whitlow, yule mwalimu mzee wa Kimarekani aliyewatembelea shuleni mwaka wa uhuru, alikuwa anasema asiondoke. Chama chake kilikuwa hakijakubaliwa na serikali ya huko. Barua ingefuata.

Elijah aliteremka. Baharia akamuuliza kama anapanda au hapandi, na yeye akasema masanduku yake yateremshwe. Wimbo ulikatika katikati ya ubeti. Benta, mkewe, aliyekuwa amembeba mtoto wao Rispa mgongoni, alimtazama usoni, na kabla ya kuambiwa neno akachukua sanduku moja na kujitwika kichwani, kama vile hilo ndilo lililokuwa limepangwa tangu asubuhi.

Meli iliondoka. Watu walikaa kidogo kwa adabu, kisha wakaanza kutafuta sababu: mmoja ana mgonjwa nyumbani, mwingine anataka kuwahi upepo. Waliokuwa wamechangia nauli ya mwalimu walimpa mkono bila kumwangalia machoni. Bibi mmoja alimwomba amrudishie yai la kuchemsha alilompa la njiani, maana sasa njia haipo na ana mjukuu mwenye njaa. Elijah akalitoa mfukoni mwa koti, akampa.

*

Tatizo halikuwa telegramu. Barua ingekuja, mtu angengojea. Tatizo lilikuwa mahali pa kungojea.

Asubuhi ile, mzee Nicodemus, baba yake Elijah, alikuwa amesimama langoni pa boma, akajaza maji kinywani na kumpulizia mwanawe kifuani, kama yeye mwenyewe alivyopuliziwa na baba yake alipokwenda vita vya Wazungu. Nicodemus alikuwa mzee wa kanisa, na sala ilisomwa pia, na mchungaji alikuwepo. Lakini katika ukoo ule sala ni sala na maji ni maji. Mtu akishapuliziwa, safari imeshikana naye. Haingii tena boma lile mpaka afike alikotumwa na kurudi. Aliyewahi kugeuka njiani, kaka yake Nicodemus, alirudi kuchukua fimbo aliyoisahau. Alizikwa kabla ya mavuno, na wanawe wawili wakamfuata. Hadithi hiyo kila mtoto wa boma aliijua.

Kwa hiyo walikaa kwenye baraza la duka la Sharif, baba, mwana, mke, na Javan, kaka mkubwa wa Elijah, mvuvi asiyependa viti, aliyechuchumaa kwenye kona. Sharif aliwaletea chai akasikiliza mpaka akachoka.

"Sasa mimi sielewi," alisema. "Kwetu mtu akikosa meli anarudi nyumbani kula. Boma lenu naliona kutoka hapa. Nyinyi mnataka kumlaza wapi?"

"Njiani," alisema Nicodemus.

"Njiani wapi, mzee?"

"Hapa kwako ni njiani."

Sharif alicheka, kisha akaona yeye peke yake ndiye anayecheka. Akaenda nyuma kuzungumza na Sainab, mkewe, na Sainab akatoa amri magunia ya chumvi yasogezwe upande mmoja wa stoo. Hakuulizia kodi. Alichouliza ni kama mwalimu anakula samaki wa nazi, maana yeye hakujua kupika wengine.

*

Wiki ya kwanza watu wa mji walimwonea huruma. Ya pili wakaanza kumzoea, na mtu akizoeleka mjini hupewa jina. Wakamwita Amerika. Kinyozi alimwuliza, "Amerika, huko kwenu mnakataje nywele?" Wanafunzi wake wa zamani, wakija kununua daftari, walimwamkia kwa Kiingereza na kukimbilia nje kucheka. Shule yake ilikuwa imeshapata mwalimu mwingine. Hata meza yake walikuwa wamempa huyo, na fimbo ya kuonyeshea ramani. Akawa anamsaidia Sharif kupima chumvi na kusoma barua za wateja wasiojua kusoma. Koti alilitundika msumarini, na panya wa stoo wakalijua.

Jioni alikuwa na kazi yake. Alisimama nyuma ya duka, pale ardhi inapoteremka kwenda majini, akaangalia ng'ambo. Moshi wa majiko ulipanda kwenye mteremko ule, na yeye alikuwa akiutenganisha: ule wa mama yake, Priscah, mzito kwa sababu alipenda kuni mbichi, ule wa mke wa Javan, na ule mwembamba, wa pembeni, akasema ni wa Benta. Alijua saa hiyo Benta amekaa upande gani wa mafiga. Alijua mtoto amelala au analia. Alisimama mpaka giza likaufuta mteremko wote.

"Moshi hauna jina, mwalimu," Sharif alimwambia siku moja.

"Una jina," Elijah akasema.

Benta alikuja siku za soko. Sheria ya maji haikumkataza mke kumfuata mume njiani; ilimkataza mume tu kurudi. Lakini mke wa boma kulala kwenye stoo ya duka mjini, hilo hata Nicodemus asingehitaji kulisema. Basi alikuja asubuhi na mtumbwi wa kwanza, akauza wimbi wake upesi kwa bei yoyote, akaja kukaa stoo mlango ukiwa wazi mpaka mtumbwi wa mwisho. Alileta uji mchachu kwenye kibuyu. Alikaa juu ya gunia, Elijah juu ya sanduku lake la safari, mtoto akatambaa katikati.

"Huko uliko kuna baridi, baba Rispa?" Benta aliuliza.

"Kidogo. Zaidi ni chumvi."

"Watu wa huko wakoje?"

"Wakarimu. Wanatia nazi kwenye kila kitu."

Benta akacheka, akafunika mdomo kwa pindo la leso. Kisha akampangusa mtoto pua ambayo haikuwa na kitu.

"Kama ungekuwa umefika huko mbali ningejua nakungoja vipi," alisema. "Wanawake wengi wanangoja. Mimi usiku nasikia jogoo wa mji huu akiwika, nasema na yeye anamsikia huyo huyo. Kungoja gani huku?"

 Elijah alimsindikiza mpaka mahali majani ya mwambao yanapoanza, akasimama. Mtumbwi ulipokuwa umefika katikati ya ghuba, mtoto alikuwa bado anampungia mkono, kwa sababu Benta alikuwa anaushika mkono ule na kuupunga.

*

Barua ya Bwana Whitlow ilikuwa ndefu na ya uungwana. Alieleza kwamba kule kwao si kila mtu anayeweza kumwalika mgeni wa kubadilishana elimu. Serikali inataka chama, tena chama kilichoandikishwa kisheria, chini ya raia wa nchi, chenye uwezo wa kumlisha mgeni na kumtibu na kumrudisha kwao, na kiwe na mtu mmoja maalumu anayewajibika kwa mambo ya wageni. Haya yote wanayo, alisema: wao ni walimu wastaafu wa mji mdogo wa wakulima wa ngano, na mwenye duka la dawa ndiye mweka hazina. Lakini ofisa mmoja ameikataa karatasi yao kwa sababu moja. Chama kinachokubaliwa kinapaswa kupokea wageni wasiopungua watano kwa mwaka. Wao walikuwa wameandika mmoja. Hawakufikiria zaidi ya Elijah.

Basi mji mzima ulikuwa umekubaliana, vyumba vinne zaidi vimepatikana. Je, Bwana Elijah anaweza kuwatafutia walimu wengine wanne, wenye vyeti, na kuyatuma majina haraka?

Elijah aliisoma barua hiyo mara kadhaa, na kila mara akajisikia mwepesi zaidi. Kichwani alikuwa nao tayari. Wawili walikuwa Ndhiwa. Mmoja alikuwa Suna, upande wa Migori. Na Bhoke Maroa wa Kegonga, binti wa Kikuria aliyekuwa naye chuoni, mkali wa hesabu kuliko wanaume wote wa darasa lile. Siku mbili za kuandika barua, basi.

Lakini habari haikukaa dukani. Nicodemus alivuka ghuba kesho yake, na Javan ndiye aliyepiga kasia.

Mzee alisikiliza yote. Akauliza tena idadi.

"Watano, baba. Mimi na wengine wanne."

"Vizuri. Watu ninao," alisema Nicodemus. Akaanza kuhesabu kwa vidole. Boma lake lilikuwa na nyumba tatu, maana alioa wake watatu kabla hajabatizwa, na wote walizaa. Nyumba ya kwanza, Javan, mkubwa. Nyumba ya pili, Zadock, seremala. Nyumba ya tatu, Paul na mdogo wake. Hao wanne.

Elijah alieleza polepole, kama anavyoeleza darasani, kwamba wanatakiwa walimu. Wenye vyeti. Kwamba hii si ardhi ya kugawa.

"Umekula jasho la nyumba ngapi ukienda shule?" baba aliuliza.

"Zote tatu."

"Na Javan ni nani kwako?"

"Mkubwa wangu."

"Javan hajajenga ukajenga wewe? Hajaoa ukaoa wewe? Hajapanda mbegu ukapanda wewe?"

"Hapana, baba. Yeye ndiye alitangulia kila mahali."

"Sasa kwa nini Amerika umruke? Ulipokuwa mmoja nilinyamaza, nikasema wamemwita kwa jina, ni neema. Leo wamesema leteni watu. Nikipeleka watu wa Ndhiwa na Wakuria, halafu nyumba zangu zibaki zinaangalia mgongo wako, hilo boma nitalitawala vipi?"

Javan, chini kwenye kona, alijikuna goti. "Omera, ndugu yangu," alimwambia mdogo wake, "mimi nitawafundisha nini hao watu? Kutega samaki wa ngege?"

"Utafundisha hicho," alisema baba.

*

Benta alipoisikia habari hiyo hakusubiri siku ya soko. Alimkuta Elijah kwenye meza ya Sharif, karatasi mbele yake na kalamu mkononi, na jina la Javan limekwisha kuandikwa.

"Umemwandika nani?"

"Mwalimu wa uvuvi."

"Na Zadock?"

"Mwalimu wa useremala. Ana mwanafunzi mmoja, si uongo mtupu."

Benta alikaa. Alivuta pumzi. Sainab, aliyekuwa anapima kitambaa, akaacha kupima.

"Baba Rispa, mimi sikusoma, lakini hawa watu wamesema wanataka nini. Waandikie wale wa kweli. Mzee atakasirika, ataacha."

"Hataacha. Na si yeye tu." Elijah aliongea akiangalia karatasi. "Javan alivua usiku miaka yote niliyokuwa chuoni. Nikimruka, hata nikifika huko, nitakuwa nimefika peke yangu. Nitarudi boma gani?"

"Hata sasa huna boma," Benta alisema. Alisema bila hasira, na kwa sababu hiyo likamwingia zaidi. "Mimi nataka moja. Uende, au urudi. Hapa katikati ninakufa."

Elijah aliweka kalamu chini. Kwa muda ilionekana kama ataichana ile karatasi. Mteja akaingia akataka chumvi, na Sharif hakuwepo, kwa hiyo Elijah akainuka akapima. Aliporudi alikuwa ameshaamua, au wino ulikuwa umekauka. Aliikunja karatasi akaitia kwenye bahasha. Benta aliiangalia ikibandikwa stempu. Mtumbwi ulikuwa umeondoka, akalazimika kulala chumbani kwa Sainab, mume wake akiwa upande wa pili wa ukuta wa bati, na kila mmoja akamsikia mwenzake akigeuka.

*

Mvua ndefu zilianza na kumalizika. Jibu lilikuja likiwa fupi kuliko barua ya kwanza. Serikali ya huko iliomba vyeti vya walimu wale wanne. Bwana Whitlow alimwandikia afisa elimu wa Kenya kuuliza, na afisa elimu alijibu kwa ukweli kwamba hawajui watu hao. Karatasi ya chama ikakataliwa. Zaidi ya hapo, wenzake Whitlow walikuwa wamevunjika moyo; mwenye duka la dawa alikuwa amejiuzulu. Bwana Whitlow hakumlaumu Elijah. Aliandika kwamba anadhani yeye mwenyewe hakueleza vizuri, na kwamba chumba cha Elijah, chenye dirisha la mashariki, walikuwa wamekwisha kukipaka rangi.

Elijah alikaa na neno la dirisha kuliko maneno mengine yote.

Nicodemus alikuja. Safari hii hakukaa. Alisimama kwenye baraza, kofia mkononi, mtu mzee ghafla. Alimsikiliza mwanawe akimtafsiria barua mpaka mwisho. Javan alikuwa amegeuka, anaangalia ziwa.

"Basi nimekosea," alisema Nicodemus.

"Nimeandika mimi, baba."

"Umeandika nilichosema." Mzee alizungusha kofia. Ilikuwa wazi alikuwa na jambo alilovuka nalo ghuba na halitoki. "Mama yako anataka urudi nyumbani. Anasema Mungu wa kanisani haangalii maji. Nimekaa siku nyingi nikitafuta njia, wuoda, mwanangu. Nimewauliza wazee. Maji niliyopuliza siwezi kuyarudisha kinywani. Ukiingia, na mtoto wako akaumwa homa tu, homa ya kawaida, nitasema ni mimi. Nawe utasema ni mimi."

Elijah alitaka kusema kwamba yeye haamini. Alifungua mdomo. Akilini akamwona Rispa akitambaa kwenye mkeka kule ng'ambo, akaona paji lake la uso likiwaka moto, na akafunga mdomo.

"Nimeelewa, baba," alisema.

Walipeana mkono, kama watu wa kanisa. Javan alibaki nyuma kidogo, akamshika mdogo wake begani, akaenda kufungua mtumbwi.

Ofisi ya elimu ilikuwa na nafasi Suna, shule ambayo walimu waliikimbia kwa sababu nyumba ya mwalimu ilivuja. Elijah akaichukua. Asubuhi ya kuondoka alikuwa anafunga masanduku yale yale kwenye gari la mizigo la rafiki yake Sharif, mara Benta akatokea kutoka upande wa ziwa. Mtoto mgongoni, sufuria kichwani, na ndani ya sufuria mwiko, chungu kidogo na nguo.

"Soko si leo," Elijah alisema.

"Najua."

"Baba amekuruhusu?"

"Sikumuuliza."

"Hukuaga?"

Benta alitua sufuria chini, akanyoosha shingo. "Ningeaga wangenipulizia maji. Nimetoka kama mtu anayekwenda kuteka mtoni. Mimi sikuagwa, baba Rispa, kwa hiyo nitarudi kule nikipenda. Nitamwona mama, nitapalilia shamba lako, nitakuja nikwambie limezaa nini." Akaangalia lile gari, magurudumu yake, kamba zilizofungwa ovyo. "Suna kuna kuni?"

"Sijafika."

"Basi twende tuone."

*

Elijah alifundisha Suna na shule nyingine za Migori mpaka akastaafu. Hakuwahi kupanda meli. Bwana Whitlow aliandika kila Krismasi kwa miaka mitatu, kisha barua zikakoma. Chama chake kiliunganishwa na chama kikubwa cha mji mwingine, kilichokuwa na wageni wa kutosha. Kwa njia ya chama hicho Bhoke Maroa alikwenda Amerika mwaka wa sitini na nane, akakaa mwaka mmoja, akarudi Kegonga kufundisha hesabu. Hakujua kwamba jina lake lilikuwa karibu kuandikwa mapema zaidi, na Elijah hakumwambia.

Zadock aliendelea na useremala. Paul na mdogo wake walikwenda kufanya kazi mashamba ya chai na wakaoa huko. Javan alivua mpaka mgongo ukamshinda. Sharif alihamisha duka lake Kisii. Sainab alizikwa huko.

Nicodemus alikufa mwaka wa sitini na tisa. Wazee walikaa, wakasema aliyepuliza amekwenda, wakafungua pengo kwenye ua upande wa nyuma ili asipite lango alilopuliziwa, Elijah akapita hapo kwenda kumzika baba yake. Alilala nyumbani usiku mmoja. Nyumba yake ilikuwa imeanguka upande mmoja, lakini shamba lilikuwa limelimwa, mistari imenyooka. Benta ndiye aliyelilima, akienda na kurudi kila msimu, na aliendelea hivyo mpaka Rispa alipoolewa. Yeye na Elijah walizaa watoto wengine wanne, wote wakazaliwa Suna.